Bustani ya mimea ya kudumu

Bustani ya mimea ya kudumu ni bustani ambayo sehemu kubwa ya mimea yake huishi zaidi ya miaka miwili bila kupandwa upya kila msimu. Mimea hiyo inaweza kuwa maua, nyasi, vichaka au miti. Inapofika kiangazi, mingi hupunguza majani au hukauka sehemu ya juu, lakini mizizi hubaki hai chini ya ardhi na kuchipua tena mvua zinaporudi.

Bustani za namna hii zinafaa hasa katika maeneo ya umma mijini, kama vile bustani za jiji, kingo za barabara, viwanja vya shule na hospitali, na kandokando ya mito. Zikishashika hutumia maji kidogo, hulinda udongo na hazihitaji kununuliwa miche mipya kila mwaka. Hata hivyo huhitaji uangalizi mkubwa katika miaka miwili au mitatu ya kwanza. Bustani nyingi za umma hufa katika kipindi hicho, kwa kuwa fedha za kupanda hupatikana lakini za kutunza hukosekana.

## Aina za mimea kulingana na umri

Wataalamu wa mimea hugawa mimea katika makundi matatu kulingana na muda wake wa kuishi:

- Mimea ya mwaka mmoja: huota, hutoa maua na mbegu, kisha hufa katika msimu mmoja. Mifano ni mahindi, maharage na alizeti ya shambani.
- Mimea ya miaka miwili: mwaka wa kwanza hukuza majani na mizizi, mwaka wa pili hutoa maua na mbegu, kisha hufa. Mifano ni karoti na kabichi zikiachwa bila kuvunwa.
- Mimea ya kudumu: huishi miaka mitatu au zaidi, mingine mamia ya miaka. Humo kuna miti na vichaka, pamoja na mimea isiyo na shina gumu kama mchaichai, tangawizi na nanasi.

Mgomba ni mfano mzuri wa kundi la tatu. Watu wengi huuita mti, lakini kwa kweli ni mmea mkubwa usio na mbao. Kile kinachoonekana kama shina ni maganda ya majani yaliyofungamana. Shina lake halisi liko chini ya ardhi, nalo hutoa machipukizi mapya kila yale ya zamani yanapozaa na kukatwa. Kwa sababu hiyo shina moja la migomba linaweza kurithiwa na vizazi kadhaa vya familia moja.

Mpaka kati ya makundi haya hutegemea pia hali ya hewa. *Impatiens walleriana*, ua dogo linalopenda kivuli, asili yake ni Afrika Mashariki, na huku huishi miaka mingi. Katika nchi za baridi huuzwa kama ua la msimu mmoja, kwa sababu huuawa na jalidi ya kwanza. Kwa hiyo orodha ya "mimea ya kudumu" iliyoandikwa Ulaya au Marekani haiwezi kufuatwa Kasulu au Nairobi bila kuchunguzwa kwanza.

## Jinsi inavyofanya kazi

### Mizizi na udongo

Mmea wa mwaka mmoja hutumia nguvu zake nyingi kutengeneza mbegu, kwa kuwa hauna muda. Mmea wa kudumu huweka akiba. Wengine huiweka katika mizizi minene, wengine katika tunguu, wengine katika viazi vya chini ya ardhi. Akiba hiyo ndiyo inayouwezesha kuvumilia ukame na kuchipua upesi, wakati mwingine hata kabla mvua hazijaanza.

Kwa kuwa udongo haulimwi kila msimu, muundo wake haubomolewi. Nyungunyungu, mchwa, kuvu na vijidudu vingine huendelea kutoboa njia za hewa na maji. Majani yanayoanguka huoza na kuwa mboji papo hapo. Mvua kubwa inaponyesha, matone hupiga majani kwanza, kisha matandazo, na maji hufika ardhini yakiwa yamepoteza nguvu. Kwenye ardhi tupu matone hayohayo huvunja udongo na kuuporomosha hadi mtoni.

### Maji

Njia rahisi ya kukadiria maji ya bustani ni hii: milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye mita moja ya mraba ni sawa na lita moja. Mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, kila mita ya mraba hupokea lita 1,000. Paa la bati lenye ukubwa wa mita za mraba 100 hupokea lita 100,000. Hata kama sehemu ya tano itapotea kwa mvuke na kumwagika, hubaki lita 80,000 zinazoweza kuelekezwa kwenye tangi au moja kwa moja kwenye bustani.

Tatizo la sehemu nyingi za Afrika Mashariki, basi, mara nyingi haliko kwenye wingi wa maji ya mwaka mzima. Maji huja katika miezi michache na kupita haraka. Bustani ya kudumu hukabili hali hiyo kwa njia tatu: mizizi mirefu inayofuata unyevu chini, matandazo yanayozuia mvuke, na makinga maji yanayosimamisha mtiririko ili maji yazame.

### Viumbe wengine

Mimea inayotoa maua kwa zamu mwaka mzima hulisha nyuki, vipepeo na ndege aina ya chozi. Nyuki hao huchavusha pia mazao ya mashamba yaliyo karibu. Mashina makavu yakiachwa yasimame kwa muda, ndege wadogo hula mbegu zake na wadudu wenye faida hujificha ndani yake.

## Historia

Bustani zenye mimea ya kudumu ni za kale kuliko jina lake. Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro wana *kihamba*, na Wahaya wa Kagera wana *kibanja*. Katika mashamba hayo miti mirefu hutoa kivuli kwa migomba, migomba hutoa kivuli kwa kahawa, na chini kabisa huwa na magimbi, viazi vikuu na majani ya mifugo. Waha wa Kigoma nao wamezoea kuzungushia nyumba migomba, kahawa na miti ya matunda. Bustani hizo ni za chakula na za familia, lakini kanuni zake ndizo zinazotumika leo katika bustani za umma: mimea ya ngazi mbalimbali, udongo usioachwa wazi, na mbolea inayotokana na bustani yenyewe.

Huko Ulaya, katika karne ya 19, bustani za umma zilijazwa maua ya msimu yaliyooteshwa katika nyumba za vioo na kubadilishwa mara kadhaa kwa mwaka. Mtaalamu William Robinson aliyefanya kazi Uingereza alipinga desturi hiyo katika kitabu chake *The Wild Garden* cha mwaka 1870, akitetea mimea migumu inayojitegemea. Katika karne ya 20, Karl Foerster wa Potsdam, Ujerumani, alikuza aina nyingi za maua na nyasi za kudumu.

Mtu anayejulikana zaidi siku hizi katika fani hii ni Piet Oudolf, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1944. Alishiriki kubuni mpangilio wa mimea wa Lurie Garden mjini Chicago, iliyofunguliwa mwaka 2004 ndani ya bustani ya umma ya Millennium Park. Bustani hiyo iko juu ya paa la maegesho ya magari ya chini ya ardhi, na mimea yake mingi ni nyasi na maua ya mbuga za Marekani. Oudolf alichagua pia mimea ya High Line mjini New York, reli ya juu iliyoachwa kutumika na kugeuzwa kuwa bustani. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2009. Kazi hizo zilionyesha kwamba nyasi na maua ya porini yanaweza kupendwa na watu wa mjini, hata yakiwa yamekauka.

## Afrika Mashariki

### Bustani za wakoloni

Bustani za kwanza rasmi katika eneo hili zilianzishwa kwa ajili ya majaribio ya mazao na miti ya kigeni. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea ya Dar es Salaam mwaka 1893 na kituo cha Amani katika milima ya Usambara mwaka 1902. Waingereza walianzisha bustani ya Entebbe, Uganda, mwaka 1898, ambako mazao kama kahawa, kakao na mpira yalijaribiwa. Nairobi Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 ili kutafuta miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni za reli.

Bustani hizo ziliacha urithi wa aina mbili. Zilitoa vivuli na maua ambayo watu wa mijini wanayaona leo kuwa yao, kama jakaranda, mkrismasi na bougainvillea. Jijini Nairobi, Peter Greensmith, aliyekuwa msimamizi wa bustani za jiji, anakumbukwa kwa kueneza jakaranda na bougainvillea barabarani. Pia ziliingiza mimea mingine iliyotoroka na kuvamia misitu ya asili. Kwenye msitu wa Amani suala hilo linashughulisha wahifadhi hadi sasa.

### Nairobi

City Park iliyoko Parklands, yenye ukubwa wa hekta 60 hivi, inaunganisha bustani zilizopandwa na msitu wa asili ambamo kima wanaishi. Ni mfano wa bustani ya jiji ambamo sehemu kubwa ya mimea haikupandwa na mtu: iliachwa tu bila kukatwa.

Uhuru Park ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa kujenga ndani yake jengo la ghorofa 60. Wangari Maathai, mwanzilishi wa Harakati ya Ukanda wa Kijani, aliupinga hadharani kwa barua na mikutano. Alitukanwa bungeni na ofisi yake ikahamishwa, lakini wafadhili walijitoa na mpango ukaachwa. Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Tukio hilo linaonyesha kwamba bustani ya miaka mingi inaweza kufutwa kwa uamuzi wa siku moja kama wananchi hawaijui thamani yake.

### Zanzibar

Bustani ya Forodhani mbele ya Mji Mkongwe ilijengwa mwaka 1936 kwa heshima ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Haroub. Ilikarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena mwaka 2009. Karibu na bahari mimea hupigwa na upepo wa chumvi, hivyo aina zinazofaa ni chache kuliko bara. Mimea ya kudumu inayopendwa visiwani ni pamoja na asumini, mlangilangi, mkilua na mkadi, ambayo hutunzwa kwa ajili ya harufu kama vile kwa ajili ya uzuri.

### Kigali

Bustani ya umma ya Nyandungu mjini Kigali, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2022, ina ukubwa wa hekta 121. Eneo hilo lilikuwa kinamasi kilichoharibiwa na shughuli za watu. Limerejeshwa kwa kupanda miti ya asili na mimea ya majimaji, na kutengeneza mabwawa na njia za waendao kwa miguu na baiskeli. Kwa hali ya hewa na aina za mimea, mfano huo uko karibu na nyanda za juu za Kigoma kuliko Dar es Salaam au Zanzibar.

## Nyanda za juu za Kigoma

### Hali ya hewa na ardhi

Wilaya za Kibondo na Kasulu ziko katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, mbali na joto la mwambao wa Ziwa Tanganyika. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kwisha mwishoni mwa Aprili au Mei, mara nyingi zikipungua kwa muda mnamo Januari au Februari. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna kiangazi kikavu, usiku wa baridi, upepo na mioto ya nyika.

Uoto wa asili wa sehemu kubwa ni miombo. Miti yake maarufu ni mtundu (*Brachystegia spiciformis*), mninga (*Pterocarpus angolensis*) na mkurungu (*Pterocarpus tinctorius*). Chini ya miti hiyo huota nyasi ndefu za kuezekea na maua mengi yenye tunguu yanayochomoza mvua za kwanza zinaponyesha, hata mahali palipoungua.

Bustani ya umma inayojulikana zaidi mkoani ni eneo la kumbukumbu la Livingstone huko Ujiji, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Miembe iliyopo inaelezwa kuwa ilitokana na mwembe wa wakati ule. Tangu mwaka 1994 mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall umesaidia vijiji vya Kigoma kuanzisha vitalu vya miti na kuhifadhi misitu.

### Nduta

Nduta ni eneo la wilaya ya Kibondo linalojulikana kwa kambi ya wakimbizi. Kambi hiyo ilitumika tangu miaka ya 1990, ikafungwa, kisha ikafunguliwa tena mwaka 2015 kupokea watu kutoka Burundi. Mahali ambapo maelfu ya watu wanapika kwa kuni, miti iliyo karibu hukatwa, na njia za watembeao kwa miguu hugeuka mifereji wakati wa mvua. Hali ya namna hiyo hutokea pia pembezoni mwa miji inayokua haraka kama Kibondo na Kasulu.

Mahali pa namna hiyo mimea ya kudumu ina kazi tatu kabla ya urembo. Ya kwanza ni kushika udongo kwenye njia na mitaro. Ya pili ni kutoa kivuli mahali watu wanapokusanyika, kama shule, zahanati na visima. Ya tatu ni kutoa kuni ndogo, matunda na majani bila kung'oa mmea wenyewe. Kwa hiyo miti inayochipua baada ya kukatwa matawi inafaa kuliko ile inayokufa ikikatwa mara moja. Maji yanayomwagika kwenye vituo vya kuchotea yakielekezwa kwenye migomba, magimbi na mchaichai huondoa tope na mbu, na papo hapo hutoa chakula.

### Tarehe ya kupanda

Maadhimisho ya kitaifa ya upandaji miti nchini Tanzania yamekuwa yakifanyika Machi na Aprili. Tarehe hizo zinafaa sehemu zinazopata masika ya Machi hadi Mei. Katika nyanda za juu za Kigoma mche uliopandwa mwanzoni mwa Aprili hupata takriban mwezi mmoja wa mvua, kisha hukabili miezi minne au mitano ya ukame ukiwa na mizizi mifupi. Mche uleule ukipandwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba hupata miezi mitano au sita ya kujiimarisha. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuamua kama bustani ya shule au ya halmashauri itaonekana mwaka unaofuata. Kama sherehe lazima ifanyike Aprili, ni bora siku hiyo itumike kusia mbegu kitaluni ili miche iwe tayari kwa mvua za mwisho wa mwaka.

### Mimea inayofaa

| Ngazi | Mimea | Maelezo |
|---|---|---|
| Miti ya kivuli | mzambarau mwitu (*Syzygium guineense*), mkuyu, *Erythrina abyssinica* | ya asili. Maua ya *Erythrina* hupendwa na chozi |
| Miti ya matunda | mwembe, mparachichi, mpera | mpera uangaliwe usienee msituni |
| Vichaka na ua | mnyaa, *Leonotis*, hibiscus | utomvu wa mnyaa huumiza macho |
| Maua yenye tunguu | *Gladiolus dalenii*, *Scadoxus multiflorus*, *Crinum* | huchipua na mvua za kwanza |
| Mimea ya jua kali | mshubiri, *Sansevieria*, *Kniphofia* | *Kniphofia* hupenda unyevu kiasi |
| Nyasi | *Themeda triandra*, nyasi za kuezekea, mchaichai | hushika udongo kwenye mteremko |
| Kivulini | *Impatiens walleriana*, *Chlorophytum*, kangaga | hufunika ardhi chini ya miti |

*Gladiolus dalenii* ni ua la kawaida la nyika za Afrika ya kitropiki. Ni mmoja wa wazazi wakuu wa gladioli zinazouzwa katika maduka ya maua duniani kote. Mara nyingi watu huling'oa kama gugu, kisha hununua jamaa yake aliyerudi kutoka ng'ambo.

## Kuanzisha na kutunza

Kabla ya mvua. Eneo hupimwa na njia ambazo watu tayari wanapita huwekewa alama. Njia hizo ziheshimiwe, kwani kitalu cha maua kilichowekwa juu ya njia ya mkato kitakanyagwa tu. Magugu yenye mizizi mirefu hung'olewa yote. Makinga maji huchimbwa kukata mteremko, na mboji huchanganywa na udongo.

Mwaka wa kwanza. Miche hupandwa mvua zikishika, karibukaribu ili ifunike ardhi mapema. Kwa maua ya ukubwa wa kati, mimea minne kwa kila mita ya mraba hutosha. Hivyo tuta la mita 10 kwa 2 huhitaji mimea 80. Matandazo ya nyasi kavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8 huwekwa, yakiachwa mbali kidogo na shina ili mchwa wasivutwe kwenye mche. Kiangazi cha kwanza mimea humwagiliwa. Kumwagilia sana mara moja kwa wiki ni bora kuliko kidogo kila siku, kwa sababu maji yakizama chini mizizi huyafuata.

Mwaka wa pili. Palizi huendelea na miche iliyokufa hurudishiwa. Kumwagilia hupunguzwa polepole.

Mwaka wa tatu na kuendelea. Mimea ikishafunika ardhi, kazi kubwa ni kukata sehemu kavu, kupogoa vichaka na kugawa mashina yaliyojaa. Ukilinganisha na bustani ya maua ya msimu, kazi haiishi, lakini hubadilika: badala ya kulima na kupanda, mtunzaji hutazama, hupunguza na hurekebisha. Kwa sababu hiyo mtunzaji mwenye ujuzi anahitajika zaidi ya vibarua wengi wa siku moja.

### Kuongeza mimea

Faida kubwa ya mimea ya kudumu kwa shule na halmashauri zisizo na fedha ni kwamba huongezeka yenyewe. Njia za kawaida ni:

- kugawa shina lenye machipukizi mengi, kama mchaichai na *Kniphofia*;
- kuchukua vitoto pembeni mwa mmea mama, kama mshubiri na migomba;
- kupanda vipande vya matawi, kama hibiscus na mnyaa;
- kukusanya mbegu, hasa za miti na nyasi za asili.

Tuta lililotajwa juu lenye mimea 80, kama kila shina litagawanywa mara tatu baada ya miaka miwili, hutoa mimea 240, yaani ya kutosha matuta matatu ya ukubwa uleule. Baada ya miaka minne, kwa hesabu hiyohiyo, mimea ni 720. Hali halisi huwa chini ya hapo kwa sababu mingine hufa, lakini hata nusu yake ingejaza bustani ya shule.

## Matatizo

Mimea vamizi. Sifa zinazoufanya mmea wa kudumu upendwe, yaani uvumilivu na kuzaana upesi, ndizo hizohizo zinazoweza kuufanya adui. *Lantana camara* kutoka Amerika ililetwa kama ua la ua wa nyumba. Sasa imefunika malisho mengi, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Alizeti mwitu (*Tithonia diversifolia*) hutoa majani mazuri ya mbolea, lakini huziba kingo za barabara na mashamba yaliyoachwa. Mimea hiyo haifai kupandwa katika bustani ya umma.

Moto. Katika nchi za baridi watunzaji huacha mashina makavu hadi mwisho wa majira ya baridi. Katika nyanda za miombo ushauri huo ni wa hatari, kwani nyasi kavu za Julai na Agosti hushika moto kwa kijinga kimoja. Njia ya kati ni kukata na kuondoa nyasi kavu kwenye ukanda wa mita chache kuzunguka bustani na kando ya njia, na kuacha mashina ya katikati tu kwa ajili ya ndege na wadudu.

Mifugo. Mbuzi mmoja anaweza kumaliza kazi ya mwaka kwa asubuhi moja. Ua wa mnyaa au wa matawi ya miiba unahitajika tangu siku ya kwanza, na makubaliano na majirani wenye mifugo ni muhimu kuliko ua wenyewe.

Sumu. Mkalamu (*Gloriosa superba*) una ua zuri sana, lakini mmea wote ni sumu, hasa kiazi chake, ambacho kinaweza kuua. *Scadoxus* nayo ina sumu. Mahali watoto wanapocheza mimea hiyo isipandwe, au iwekwe mbali pamoja na kibao cha onyo.

Ardhi. Eneo wazi mjini huonekana kama kiwanja kisicho na mwenyewe. Sheria ya Mipangomiji ya Tanzania ya mwaka 2007 inatoa nafasi ya kutenga maeneo ya wazi katika ramani za miji, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Lakini eneo lililo kwenye ramani tu, bila mimea, njia wala watu wanaolitumia, huvamiwa kwa urahisi. Bustani iliyokomaa ni ushahidi unaoonekana kwamba eneo lina kazi.

Mtazamo wa watu. Wengi wamezoea kuona usafi kama ardhi iliyofagiliwa hadi udongo uonekane. Bustani ya kudumu, hasa wakati wa kiangazi, inaweza kudhaniwa kuwa pori linaloficha nyoka. Kukata nyasi fupi pembeni mwa njia, kupanga mawe kwenye kingo na kuweka vibao vyenye majina ya mimea huonyesha kwamba pana mtunzaji, na huwaondolea wapitaji hofu.

## Matumizi katika elimu

Bustani ya kudumu iliyo shuleni au karibu na shule inaweza kutumika kufundishia biolojia (mizizi, uchavushaji, uainishaji), jiografia (mmomonyoko wa udongo, vipimo vya mvua), hisabati (eneo, ujazo, uwiano) na kilimo. Kwa kuwa mimea hubaki, kidato cha kwanza kinaweza kupima kimo cha mti uleule ambao kitaupima tena kikiwa kidato cha nne. Takwimu za miaka minne zilizokusanywa na wanafunzi wenyewe juu ya mahali pao hupatikana kwa shida katika bustani ya msimu mmoja.

## Tazama pia

- Miombo
- Kilimo-misitu
- Kihamba
- Mboji
- Spishi vamizi
- Wangari Maathai
- Mkoa wa Kigoma